Ni Mimi Niliyetoboa Kinga Zenu

Jambo yenu, baba na mama, ndugu na dada. Mchungaji aliponiita nisimame hapa mbele nilimwomba ruhusa ya kuzungumza nikiwa nimekaa, maana mguu mmoja hauvumilii maneno mengi. Asanteni kwa kiti.

Sitataja jina la mtu. Wawili kati ya watu nitakaowasema wameketi humu ndani pamoja nasi. Nilikwenda kwao juzi nikawauliza kama naweza kuyasema haya mbele ya kanisa, nao wakaniruhusu. Wengine mtajitambua wenyewe. Mkijitambua, nyamazeni tu.

Wengi wenu mnanifahamu kama mlinzi wa kinga pale kwenye lango la reli. Kila asubuhi mnanipa kinga, hizo baiskeli zenu, mnaingia kazini, jioni mnazichukua zikiwa nzima, na mnasema mulinzi huyu ni mwaminifu. Leo nataka nyote mjue, si wazee wa kazi tu, nilikuwa nani kabla ya hapo.

Nilizaliwa upande wa Kabongo. Nilikuja Kamina nikiwa kijana, reli ikaniajiri kuunganisha mabehewa. Kazi hiyo mnaijua. Behewa linasukumwa taratibu, wewe uko katikati, unashika mnyororo, unafunga, unatoka. Ukichelewa kutoka, basi. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi bila hata kuchubuka kidole. Nilikuwa na nyumba katika kambi ya reli, nilikuwa na bibi niliyemwoa, na nilikuwa na kinga nyeusi yenye taa mbele na taa nyuma. Asubuhi tulikuwa tunatoka kambini kundi zima, tunapiga kengele, tunashindana hadi kwenye karakana. Mimi nilikuwa wa mbele. Sikumruhusu mtu anipite.

Siku moja ya mvua niliteleza. Sina haja ya kueleza zaidi. Nilipoamka lupitalo, kwenye kitanda cha hospitali, mguu wa kulia ulikuwa umeishia chini ya goti.

Nilikaa lupitalo miezi. Seremala akanichongea gongo la kwapani, na kwa sababu udongo wetu unateleza wakati wa mvua, akapigilia msumari mrefu chini yake, ncha ikitokeza nje, ili lishike ardhi. Alifanya kwa wema. Nilipotoka, nyumba ya kambini alikuwa amepewa mwingine, maana nyumba zile ni za watu wa kazi. Tukahamia pembeni ya mji, nyumba ya udongo, na bibi yangu akaanza kulima mihogo kwenye kipande cha jirani. Kinga yangu tuliiuza. Aliyeinunua alikuja kuichukua asubuhi, nami niligeuka nikaangalia ukuta mpaka niliposikia amefika mbali.

Ndugu zangu, nawaambia, kukatika mguu kulikuwa na maumivu yake, na maumivu yale yaliisha. Kilichonishinda ni kukaa. Mtu aliyezoea kuamka na king'ora cha kazi, akiambiwa akae, anakaa na nini? Bibi anakwenda shambani, jirani wanakwenda kazini, wewe unabaki na kuku. Nikaanza kujikokota kila asubuhi hadi kule kule kwenye karakana, nusu ya asubuhi nzima njiani, ili nikae karibu na wenzangu. Mwanzoni walinisalimu, wakanipa tumbaku. Baadaye salamu zikapungua. Siwalaumu. Mtu ana haraka, king'ora kinalia.

Wakati ule kinga ziliachwa nyuma ya karakana, chini ya bati, mahali ambapo ukuta unaficha kila kitu. Hapakuwa na uzio wala mlinzi. Mtu anaegemeza kinga yake, anaondoka, haioni tena mpaka jioni. Na mimi nilikaa pale kwa sababu palikuwa na kivuli.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kwenye kile kijia chembamba, kundi likaja kwa kasi. Mmoja akapiga kengele, akapiga tena, akapaza sauti, “Toka mu njia, weye!” Nilijaribu kusogea, gongo likazama kwenye matope, nikaanguka kifudifudi. Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Hakuna aliyesimama. Nilijiinua mwenyewe kwa kushika ukuta, nikaenda kwenye bati nikiwa na tope mdomoni. Kinga yake ilikuwa pale, bado ina joto la kiti. Niliegemeza gongo langu juu ya tairi ya nyuma, nikaliwekea uzito wangu wote. Msumari uliingia. Nikasikia upepo ukitoka, ssss, na nawaambia kweli mbele za Mungu, nilifurahi. Tangu lupitalo nilikuwa sijafurahi.

Ningekomea hapo, labda leo nisingekuwa na ushuhuda. Lakini siku ya pili nilitoboa mbili. Halafu nikawa natoboa bila kujali ni ya nani. Ya aliyecheka, ya asiyecheka, ya aliyenipa tumbaku. Nikalegeza kengele, nikapinda njiti za magurudumu, nikavunja vioo vya taa. Nani angemshuku kiwete? Jioni nilikaa pale pale nikiwatazama wakizisukuma kwa mkono, wakienda kwa miguu kama mimi. Wakiniuliza kama nimeona mtu, nilikuwa nasema, “Hapana, ndugu, minyi nilisinzia kidogo.”

Sikilizeni jambo hili, ninyi wenye kinga. Mimi sikuiba hata pompi moja ya upepo. Lakini wezi wana macho. Walipoona mahali pale kinga zinaharibiwa kila siku na hakuna anayefanya kitu, wakajua mahali pale hapana mwenyewe. Kwanza zikapotea pompi. Kisha viti. Kisha kinga nzima nzima, mchana kweupe, mtu anaipanda tu na kuondoka. Watu wakaanza kushukiana. Waliotoka Kasai wakasema ni sisi Baluba wa hapa, sisi tukasema ni wao. Watu waliokuwa wanakula pamoja mchana wakaanza kukaa mbalimbali. Mlango wote huo niliufungua mimi, kwa msumari mmoja.

Sasa nafika mahali pagumu. Nivumilieni.

Alikuwapo fundi mmoja wa boila, mdogo kwangu kwa umri. Yeye hakuwa amecheka siku ile, hakuwapo hata. Ni mtu wa maneno machache. Kila akinikuta alikuwa ananiita yaya, kama kaka yake mkubwa, ananiuliza bibi yangu anaendeleaje. Nyumba yake ilikuwa mbali, ng'ambo ya mji, na bibi yake alikuwa na mimba ya kwanza.

Asubuhi hiyo nilitoboa kinga nne. Nilitoboa tairi zote mbili za kila moja. Sikuangalia ni za nani.

Jua likiwa katikati, jirani yake mmoja alifika kwa miguu akihema, akamwita langoni. Nilimsikia vizuri. Alisema, “Bibi yako iko na bumivu tangu asubuhi, mutoto anakataa kutoka. Mama muzalisha anasema bamupeleke lupitalo. Kuya mbio!” Fundi alitoka na masizi usoni, akakimbilia kwenye bati. Akaishika kinga yake, akairukia, akaenda hatua tatu. Akashuka. Akatazama tairi ya mbele, akatazama ya nyuma. Akaifuata ya jirani yake wa kazi, nayo imelala. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwa minyororo kwa hofu ya wezi, na wenyewe wako ndani kwenye kelele za mashine.

Alinigeukia. Uso ule sitausahau.

“Yaya, uko hapa tangu asubui. Uliona nani? Nani alinifanya hivi?”

Gongo langu lilikuwa mapajani mwangu.

Nikamwambia, “Sikuona mutu.”

Akaiacha kinga chini, akakimbia kwa miguu.

Alipofika nyumbani hakumkuta mtu. Majirani walikuwa wamechoka kumngoja, wakambeba bibi yake kwenye mkeka, watu wanne wakipokezana. Walimngoja kwa sababu walijua ana kinga, wakasema atakuja sasa hivi, atakuja sasa hivi. Ndivyo muda ulivyokwenda. Mama alipona, kwa shida sana. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Mimi nilisikia habari hiyo siku iliyofuata, pale pale kwenye bati. Nilikwenda nyumbani, nikalala, nikamwambia bibi yangu nina homa. Nilikaa ndani siku tatu. Siku ya nne nilisikia mtu anabisha. Alikuwa ni yeye, fundi. Alikuwa amesikia mimi ni mgonjwa. Katikati ya msiba wake alikuja kunitazama! Alikaa kwenye kigoda, akasema, “Yaya, nilikuya kwako juu weye njo unajua mateso. Benzangu banasema pole, lakini habajue. Weye unajua.” Akalia mbele yangu. Na mimi nikampigapiga begani. Mkono huu huu.

Alipoondoka, bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mihogo. Alinitazama sana. Tumeishi miaka mingi, ananisoma. Akauliza, “Unaficha nini?”

Nikasema sifichi kitu.

“Mutu analia mbele yako, na weye unaangalia gongo. Juu ya nini unaangalia gongo?”

Basi nikamwambia. Yote, tangu tope. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akakaa penye kile kigoda alichokalia fundi. Akauliza jambo moja tu. “Ile siku ya mutoto. Njo weye?”

“Njo minyi.”

Alifunika uso kwa kitambaa chake. Nilidhani ataondoka arudi kwa wazazi wake, na ningeona ni haki. Lakini alipofunua uso alisema, “Kesho utaenda kwake kumwambia. Minyi nitakupeleka. Ukikatala, nitaenda peke yangu.”

Tulikwenda asubuhi. Bibi yangu alinishika mkono njia nzima, si kwa kunisaidia tu, nadhani alihofia nitageuka. Tulimkuta mama yule amekaa nje kwenye jua, amejifunga kanga tumboni, dhaifu. Alituletea yeye mwenyewe maji. Nilishindwa kuyanywa. Fundi akatoka. Nikasema. Sikujua namna ya kuzunguka, nikasema tu: “Kinga yako, minyi njo niliitoboa. Na zile zingine zote.” Nikamwonyesha msumari.

Kuku walikuwa wanapekua. Fundi aliingia ndani, nami nikawaza anakwenda kuchukua panga, na sikusogea. Alitoka na koleo. Alininyang'anya gongo, akaligeuza, akakamata msumari akauvuta. Ulikuwa umeshika sana, alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ulipotoka akautazama mkononi. Kisha akanitupia gongo miguuni, akasema, “Toka kwangu.” Hakuniita yaya.

Yule mama ndiye aliyeliokota gongo akanipa. Mpaka leo sijamuuliza kwa nini.

Nilirudi nyumbani nikingoja polisi. Hawakuja. Nilingoja watu wa kambini waje wanipige. Hawakuja. Fundi hakuwa amemwambia mtu. Wiki mbili, tatu. Nawaambia, afadhali wangekuja.

Halafu siku moja, baada ya kazi, wenye kinga wote walikutana nje ya lango, maana siku hiyo zilikuwa zimeibwa mbili. Wengine walitaka kuomba askari. Wengine walitaka kumfukuza kila mgeni anayepita pale. Fundi alikuwa ametuma mtu aniite, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, sijui nimeitiwa nini. Akasema, “Askari atalinda nini? Hajue kinga, hajue mwenye kinga. Kuko mutu mumoja anajua mahali pale kuliko sisi wote.” Akanigeukia. “Waambie.”

Nikawaambia. Watu kama sitini. Nilipofika kwa mtoto nilimtazama fundi, naye akatikisa kichwa kwamba hilo niliache. Hilo lilikuwa lake.

Kulikuwa na kelele. Mmoja alinikamata shati. Mwingine akasema huyu apelekwe kwa bwana mkubwa leo leo. Kapita mmoja mzee, msimamizi wa kazi, mtu wa Kasai, akawatuliza, akamuuliza fundi, “Weye unasema nini? Unamusamehe?”

Fundi akasema, “Sijamusamehe. Sijue kama nitamusamehe. Lakini anajua namna kinga inaharibika, na hatalala tena. Mutu kama ule njo nataka akae pale.”

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi hii, ndugu zangu. Sikupewa kwa sifa.

Waliniuliza tufanye nini, nikawaambia ninayoyajua. Mahali pale ni pabaya kwa sababu hapaonekani. Mimi nilifanya niliyofanya kwa kuwa ukuta ulinificha. Basi tukahamisha kinga, tukazileta mbele, karibu na lango, pale mama zetu wanapouzia karanga na mihogo, ambapo macho hayakosi tangu asubuhi mpaka jioni. Reli ikatupa mataruma ya zamani, tukazungusha uzio, tukaacha mlango mmoja. Kila kinga ikapata kibati chenye namba kilichofungwa kwenye usukani, na mwenyewe akapata kibati cha namba hiyo hiyo cha kuweka mfukoni. Bila kibati hutoki na kinga, hata kama wewe ni shemeji yangu. Na asubuhi mimi na mwenye kinga tunatazama pamoja tairi, taa, pompi, kabla hajaingia kazini. Nilijifunza kubandika viraka. Iliyotoboka njiani, jioni mwenyewe anaikuta imejaa upepo.

Na jambo jingine, ambalo halikuamriwa na mtu: namsalimu kila mmoja, naye ananisalimu. Mahali ambapo watu wanajuana, mwizi anaonekana kutoka mbali.

Mwanzoni wengi hawakunisemesha. Walitupa kibati mkononi mwangu, wakapita. Fundi naye alikuwa hivyo hivyo, asubuhi na jioni, mwaka mzima na zaidi.

Kisha akaja mtu mmoja adhuhuri, amevaa vizuri, kofia, viatu vinang'aa. Akasema ametumwa kuchukua kinga ya yaya wake, anaumwa huko ndani kazini. Akataja na namba. Nikamwomba kibati. Akasema kimesahauliwa. Nikamwambia basi yaya wako atoke aseme mwenyewe. Akacheka, akaishika kinga, akaanza kuisukuma. Nikashika gurudumu la nyuma. Alinipiga teke la kifua, gongo likaenda huko, nikaanguka, lakini vidole vilikuwa ndani ya njiti na sikuachia. Aliniburuta. Akanikanyaga mkono. Vidole hivi viwili havinyooki mpaka leo, mnaviona. Mama wa karanga wakapiga ukunga, mmoja akamrushia sinia lake lote, wakamzingira. Watu wakatoka karakana wakamkamata. Nyumbani kwake wakakuta vibao vya namba vya kinga tano, zote zilizopotea zamani kule chini ya bati.

Mimi nilikuwa bado chini, nimeshika gurudumu. Waliniambia niachie, nikashindwa, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mtu akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, polepole. Nilitazama, ni fundi. Alipomaliza akanikamata kwapani, mahali pa gongo, akaniinua. Akasema, “Simama, yaya.”

Hilo tu. Halafu akarudi kwenye boila.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kimerekebishwa. Kaburi lile dogo lipo. Mara nyingine namwona mama yule sokoni, tunasalimiana, na kila mmoja wetu anajua mwenzake anawaza nini. Mungu amewapa mtoto wa kike tangu wakati ule, nashukuru, lakini mtoto mmoja halipii mwingine, na sitaki mtu aje kuniambia hivyo.

Nawashukuru. Wewe fundi, na wewe mama uliyeokota gongo. Kapita wetu mzee, ambaye amerudi kwao. Mama wa karanga na mihogo, ninyi ndio askari wa kweli wa lango lile. Wenye kinga wote mlioniamini kabla sijastahili. Na bibi yangu, aliye kule nyuma, hapendi nimtaje. Kama angenionea huruma siku ile akaninyamazia, ningekuwa bado naoza chini ya lile bati.

Nilichojifunza ni kidogo. Uchungu wangu ulikuwa wa kweli, lakini niliutua juu ya watu ambao hawakunifanyia kitu. Ungekuwa umenisukuma kusema tu, “Ndugu, niliumia uliponicheka,” yule kijana wa kengele labda angenisikia. Labda asingenisikia. Lakini mtoto angekuwa hai. Na ninyi mnaopita mbio asubuhi, mkimkuta mtu amekaa peke yake kando ya njia, msalimuni. Haichukui muda.

Namalizia. Mnajua Jumapili iliyopita, tulipokuwa humu tunaimba, kinga tatu zilitobolewa pale nje. Nimesikia mkitaja majina. Naomba msitaje. Nilizitazama tairi zile, na mkono uliofanya vile naufahamu. Haukuwa wa mwizi, maana pompi zote zilikuwa mahali pake. Kama mtu huyo yuko humu, simuulizi jina. Kinga zimekuwa nyingi pale langoni na mimi ni mmoja, nahitaji mwenzangu. Kesho asubuhi aje, kabla ya king'ora. Asianze kueleza. Akae kwanza, tunywe maji.